Barua Husomwa Yote

Majirani wengi wa kijiji cha Kanyakine walikuwa wamekwisha lima, wanangoja mvua ya Oktoba. Shamba la Mbaabu lilikuwa bado na majani ya kufika magotini. Kila asubuhi Karwirwa, mkewe, aliliangalia, akahesabu siku zilizobaki.

Mbaabu hakuwa mvivu hata kidogo. Lakini tangu mwezi wa nane jembe lake lilikaa ukutani. Mhubiri wa sokoni alikuwa amempa karatasi yenye mstari mmoja wa barua za Paulo, kwamba Bwana atakuja ghafla. Mbaabu na wenzake wanne waliukariri mstari huo, wakaacha kulima.

"Tunalima ya nini na Bwana ako mlangoni?" alisema. "Jumamosi wenzangu wanakuja kuomba. Wapikie ile debe ya maharagwe."

"Baba Murithi, si hiyo ni mbegu?"

"Mbegu ya nini?"

Karwirwa alirudi jikoni akiwaza. Mbegu ikiliwa, watoto watakula nini Januari? Na akimpinga mumewe, je, atakuwa amempinga Mungu? Aliogopa huku, akaogopa kule.

Alhamisi alikwenda darasa la ngumbaru, ambako watu wazima walijifunza kusoma. Alimweleza mwalimu Ednah, jirani yake, mambo yote.

"Mama Murithi," Ednah aliuliza, "kijana wako akiandika barua kutoka shuleni Kaaga, unasoma mstari mmoja unaiweka?"

"Hapana. Nasoma yote. Pengine ni huko mwisho anaitisha sabuni."

"Basi hata hizi ni barua. Uliza nani ameandika, ameandikia nani, na hao watu walikuwa na shida gani. Halafu soma mpaka mwisho."

Kesho yake Ednah alifika na Biblia. Mbaabu alikunja uso.

"Mwalimu, umekuja kunifundisha dini?"

"Nimekuja unisomee, macho yangu yamechoka. Barua ya pili kwa Wathesalonike. Ni sura tatu tu."

Mbaabu alipenda sana kuombwa asome. Katika sura ya pili, Paulo aliwasihi wale Wakristo wasitishwe na mtu, wala na barua, ya kusema siku ya Bwana imekwisha fika. Mbaabu aliitupia jicho karatasi yake. Katika sura ya tatu sauti ilimpungua. Paulo alikuwa amesikia kwamba wengine wameacha kazi, wanazurura tu. Aliwaagiza wafanye kazi, wale jasho lao.

"Kumbe walikuwa kama sisi," alisema polepole. "Sasa Bwana haji?"

"Anakuja. Lakini akikupata na jembe mkononi, aibu iko wapi?"

Mbaabu aliifunga Biblia. Karwirwa alishikilia debe la mbegu. Mwishowe mumewe aliinuka, akalitoa jembe ukutani.

Jumamosi wenzake walipofika, aliwasomea barua yote. Kisha wakaomba, wakanywa chai, wakalima mpaka jioni. Jumatatu mbegu ziliingia udongoni. Jumatano mvua ikanyesha, na Karwirwa alilia kwa furaha.

Januari, wakivuna, yule mhubiri alipita na karatasi nyingine. Karwirwa aliipokea, akaisoma mwenyewe, neno kwa neno.

"Juu ya huu mstari kumeandikwa nini?" aliuliza. "Na chini yake?"

Mhubiri hakujua. Mbaabu alimpakulia sahani ya maharagwe.

"Kula kwanza," alisema. "Halafu tutasoma yote. Na tukimaliza kusoma, kiondo cha kuvunia ni kile pale."