Dudu la Fundi Kombo

Siku ya nne tangu mkasi wake upotee, fundi Kombo aliamka akasikia nyigu akivuma chumbani. Akapekua mapazia, akainua mto, akapiga ukuta kwa kiatu. Nyigu hakuonekana. Alipoinama kitandani ndipo akatambua kwamba mvumo unatoka sikioni mwa mkewe, Muhiba.

"Lawasha tu," Muhiba akasema alipoamka. "Litapoa."

Mwaka ule wa sabini na nane kila kitu pale mtaani Jericho kilimkera Kombo. Mfereji ulikuwa mkavu tangu Jumatatu, wateja walitaka suti leo kwa kesho, na mkasi wa marehemu babake ulikuwa umetoweka kutoka juu ya meza yake mwenyewe. Ndiyo maana alisoma kisomo cha kumwapiza mwizi. Desturi ni kutangaza kwanza, watu wapewe siku tatu, aliyechukua arudishe kimyakimya. Kombo hakutangaza. Alikuwa amekasirika, bwana, na siku tatu aliziona kama mwaka, kwa hiyo alijifungia akasoma peke yake, hata mkewe hakumwambia.

Kufikia adhuhuri sikio la Muhiba lilikuwa limevimba na chumba kinanuka nywele zilizoungua. Chai ilipochelewa Kombo akafoka, na mvumo ukapanda. Akamfokea aache kulia, ukapanda zaidi, vikombe vikatetemeka kabatini, na Muhiba akajikunja sakafuni ameshika kichwa, damu nyembamba ikimchuruzika shingoni. Hapo Kombo akaingiwa na hofu ya kumpoteza, akakimbia mtaa wa Huruma kumwita Maalim Faki, mganga wa majini.

Maalim alifukiza ubani, akainamisha sikio lake karibu na la mgonjwa.

"Umesoma kisomo wewe?"

"Niliibiwa, Maalim."

"Ulitangaza?"

"Sikutangaza."

"Basi umeita jini la ghadhabu, na limemwingia aliyechukua. Linakula kuelekea ndani." Akamgeukia mgonjwa, akanong'ona, "Mwanangu, mkasi uko wapi?"

"Nilimwazima jirani, Mama Teresiah, akate sare za kina mama wa kanisa," Muhiba akasema kwa shida. "Ukampotea. Niliogopa kusema."

"Msamehe, Kombo. Kwa moyo. Sina dawa nyingine."

"Nimekusamehe," Kombo akasema, na moyoni anasema, mkasi wa baba, kwa sare za kanisa! Dudu la sikioni likavuma kwa nguvu. Akasema tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayeamrisha, na mvumo ukajaa chumba, ukaingia kwenye mabati ya dari, ukaingia kwenye meno yao, na ngozi ya shavu la Muhiba ikaanza kuinuka na kushuka kana kwamba kuna kitu kinatafuta njia chini yake, mpaka Kombo, asijue la kufanya, akanyoosha mkono amshike bega.

Muhiba akajikinga uso kwa mikono yote miwili. Alifanya hivyo upesi, kwa mazoea.

Mkono ule ulikuwa umempiga mara mbili tu katika miaka tisa, na Kombo alidhani mkewe amesahau. Aliona aibu, akaurudisha mkono.

"Nisamehe mimi," akasema.

Mvumo ukakatika. Dudu jekundu lenye ukubwa wa kidole gumba likatoka sikioni, mabawa yamelowa, likazunguka moshi wa ubani mara moja, kisha likatua shingoni mwa Kombo. Halikumuuma. Maalim Faki aliinua kipepeo cha kupepea makaa alipige, halafu akakishusha taratibu.

"Hili sitaliweza," akasema. "Limerudi kwa mwenyewe."

Muhiba akafuta damu, akachukua buibui lake msumarini.

"Maalim, nisindikize kwa dada yangu, mtaani Kiamaiko."

Kombo alitaka kumsihi abaki. Hakuwa na hasira, alikuwa na hakika hana. Akafungua kinywa, na kabla neno halijatoka, vikombe vikaanza kutetemeka kabatini.