Maji Aliyojazia Shemeji

Jua lilikuwa linazama Bi Harusi alipotoka dukani na waya mpya mkononi, amenuna mpaka mwenye duka akasahau kumuaga. Ulikuwa waya wa kuunganisha kompyuta na skrini, na moyoni alijua kabisa kwamba hautasaidia kitu. Lakini Shemeji alisema ni waya. Asubuhi alisema ni soketi. Jana alisema ni vumbi.

Bi Harusi lilikuwa jina la utani. Mtaani walimpa kwa sababu mwaka mzima alihariri video za harusi za watu wengine, ilhali yake mwenyewe haijaonekana hata kwa mbali. Jina lilimkera, ila lilimletea wateja, akaliacha.

Siku hizo lakini hakuwa na harusi ya mtu mezani. Alikuwa na video ya Kitinda, mdogo wao wa mwisho, aliyezama miaka kadhaa iliyopita kwenye shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji ya mvua. Mwili haukupatikana. Kilichobaki ni vipande vya video kwenye simu za marafiki zake, vifupi, vya giza, vinavyotikisika. Bi Harusi alivikusanya vyote, akawa anavisafisha na kuvikuza ili uso wa Kitinda ujae skrini nzima, maana Mama alikuwa anapoteza macho na vitu vidogo hakuviona tena. Kesho asubuhi alikuwa anafanyiwa upasuaji, na daktari hakuahidi chochote. Mama aliomba jambo moja tu. Kabla hawajamfunga bandeji, amwone mwanawe.

Sasa kusafisha picha hivyo ni kazi nzito. Kadi ya picha, kile kifaa ndani ya kompyuta kinachochora kila unachokiona kwenye skrini, ilichemka mpaka mashine ikawa inajizima yenyewe. Hapo ndipo Shemeji, mume wa dada yake, alipojitokeza kifua mbele. Shemeji ni fundi wa mafriji. Kwake yeye kila kitu duniani ni friji ambalo bado hajalifungua.

"Shem, feni ni mambo ya kizamani," alisema. "Tunaifungia maji. Maji yanapita kwenye kadi, yanabeba joto, yanakwenda kupoa kwenye rejeta, kama ya gari, yanarudi. Ni friji tu."

Akafunga kweli, hatumnyimi haki yake. Bamba la shaba juu ya kadi, pampu ndogo, mirija inayoonyesha, na ndani yake maji maalumu ya bluu kutoka dukani. Joto likashuka. Shemeji akanywa chai yake akitabasamu. Chai haijaisha, skrini ikaanza vituko.

Kwanza kilitokea kimraba kimoja cha kijani kwenye kona. Kisha mistari inayocheza. Kisha vimraba vingi, vinachipuka na kufutika. Ajabu yake ni kwamba havikugusa ukuta, wala miti, wala marafiki wa Kitinda. Vilimfunika yeye. Uso tu. Akigeuka, vinageuka naye.

Bi Harusi alifanya kila ambacho mtu mwenye akili zake angefanya. Aliondoa programu ya kadi, akaiweka upya. Alihamisha waya tundu hili na lile. Alilegeza skrubu za bamba, maana ukizikaza kupita kiasi kadi inapinda. Alibeba televisheni ya sebuleni mpaka mgongo ukamuuma, akaichomeka badala ya skrini. Vimraba vikahamia kwenye televisheni. Mwisho akaiamuru kompyuta ijipige picha ya kile inachokionyesha, na picha ikatoka na vimraba vilevile. Maana yake ilikuwa wazi. Waya hauna kosa, skrini haina kosa, kadi yenyewe ndiyo inayochora uchafu. Akamweleza Shemeji polepole, neno kwa neno. Shemeji akasikiliza, akatikisa kichwa kwa busara nyingi, akasema, "Nunua waya."

Ndiyo maana amenuna.

Aliporudi nyumbani alimkuta Shemeji kalala chali chini ya meza, tochi mkononi. Chumba kilinuka. Harufu ya tope, ya mawe yaliyoota ukungu. Bi Harusi akaangalia kama mrija unavuja. Haukuvuja. Akachomeka waya mpya, akawasha.

Vimraba. Vilevile, na vingi kuliko jana.

Alitamani kulia, akaona haya. Siku nzima imekwenda bure, Mama anasubiri chumbani, na huyu mwanamume kazi yake ni kumtuma dukani.

"Lakini joto je, Shem?" Shemeji akauliza kutoka chini ya meza, bado anajisifu. "Angalia joto."

Akaangalia. Nambari ilikuwa chini mno. Akagusa bamba la shaba kwa ncha ya kidole, akaurudisha mkono upesi. Lilikuwa na baridi ya kuuma.

"Shemeji. Maji haya yanapoozwa na hewa ya humu chumbani, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sasa yanawezaje kuwa baridi kuliko chumba? Humu hamna kompresa ya kuleta baridi. Wewe fundi wa friji, niambie."

Shemeji akajikokota kutoka chini ya meza.  Na alipokosa jibu, Bi Harusi akaanza kuogopa, kwa sababu tangu amuoe dada yake hajawahi kukosa.

Hapo wakaisikia pampu vizuri.

Glu... glu... glu...

Haikuwa sauti ya mota. Ilikuwa kama mtu anakunywa maji, anapumzika, anakunywa tena.

Bi Harusi akachukua tochi, akamulika mrija. Bluu ya dukani ilikuwa imepotea. Maji yaliyokuwa yanapita humo yalikuwa ya rangi ya chai isiyokolea, na ndani yake kulikuwa na chembechembe zinazozunguka.

"Uliweka nini humu?"

"Yale uliyonunua."

"Shemeji."

"Jana usiku nilipokuwa nafunga yalipungua kidogo," Shemeji akasema, akikwepa macho yake. "Kidogo tu. Nikajazia."

"Ukajazia nini?"

"Kuna chupa chumbani kwa Mama, chini ya kitanda. Imefungwa kwa kitambaa, imebanwa na uzi, kizibo kimepakwa nta. Nikasema maji yaliyotunzwa hivi lazima yawe safi kuliko ya bomba."

Damu ilimchemka Bi Harusi. Kuingia chumba cha mama mkwe, kuinama chini ya kitanda chake, kufungua kitu kilichofungwa namna ile, na kwenda kukimimina kwenye mashine ya mtu. Alikuwa anatafuta neno la kumtosha Shemeji, akahisi kuna mtu mlangoni.

Alikuwa Mama. Amesimama, mkono kwenye fremu ya mlango, uso umeelekea mwanga wa skrini.

"Umeimwaga chupa yangu, mkwe?"

"Mama, nisamehe, sikujua..."

"Sijauliza unajua nini. Nimeuliza umeimwaga?"

"Hapana, Mama. Imo humu. Yote."

Walitegemea atafoka. Mama akatabasamu.

"Kumbe yumo humo," akasema kwa sauti ya chini.

Akapapasa mpaka kwenye kiti, akaketi, na hapo ndipo akaeleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Waokoaji walipokata tamaa ya kuupata mwili, alikwenda kwa mganga. Mganga akashuka shimoni peke yake, akapanda na chupa imejaa. Akamwambia, mwanao yumo humu. Usimmwage, na usimwonyeshe mtu.

"Nazima mashine," akasema Bi Harusi.

"Kesho wananifunga macho," akasema Mama. "Huenda nisione tena. Niache nimwone, mwanangu. Nakuomba."

Ungekuwa wewe ungemkatalia? Bi Harusi alishindwa. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye swichi, akautoa.

Mama akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Na vimraba, vilivyokuwa vinachezacheza siku nzima, vikaanza kutulia. Kimoja kikakaa. Kingine kikakaa kando yake. Kijani kikageuka kahawia. Harufu ya tope ikazidi. Likatokea paji la uso. Shavu. Mdomo uliofumbwa.

Macho yakaja mwisho.

Mama alitazama kwa muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya kioo, kwenye nyusi, kwenye taya, akashuka mpaka kidevuni. Tabasamu lake lilikuwa bado lipo. Kisha likaanza kuondoka, kidogo kidogo, mpaka halikubaki.

"Huyu si mwanangu."

"Mama, macho yako..."

"Macho yangu ni mabovu, sikatai. Lakini Kitinda nilimzaa mimi. Huyu ni mtu mzima. Huyu simjui."

Akauondoa mkono kwenye kioo, akaufuta kwenye nguo yake, akaufuta tena.

"Kila jioni nainamia ile chupa," akanong'ona. "Namuuliza, umeshindaje, mwanangu? Na ananijibu. Miaka yote hii ananijibu. Ananiuliza habari za nyumba, nani kaja, nani anaumwa, nani analala chumba gani. Namweleza kila kitu. Sasa nilikuwa namweleza nani?"

 Uso kwenye skrini ulikuwa unamtazama yeye tu.

Shemeji akaruka, akachomoa waya wa umeme ukutani. Skrini ikazimika. Feni ya kompyuta ikapunguza mwendo, ikasimama.

Pampu haikusimama.

Glu... glu...

 Kisha, kutoka kwenye mirija, ikaja sauti. Nyembamba, laini, ya kijana anayetaka kucheka. Sauti hiyo Bi Harusi alikuwa ameisikiliza kwenye vile vipande vya video wiki nzima, na hakuna kosa, ilikuwa ya Kitinda.

"Mama."

Akamkamata Mama mkono. "Usiitike," akamnong'oneza sikioni. "Nakuomba, Mama. Umeuona uso wake. Ukiitika, umemfungulia mlango. Usiitike."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalimtiririka. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mama," sauti ikaita tena, taratibu, bila haraka yoyote. "Mama, mbona kimya? Mimi hapa."

Kiganja kikashuka. Bi Harusi alijaribu kukirudisha, akachelewa.

"Ee, mwanangu," Mama akaitika.

Ndipo pampu ikanyamaza.