Chaji ya Kwanza Hairudi

"Dada, usiguse! Hizo ni betri!"

Yosefina aliinamia beseni lake la kambale. Vidude vidogo kama vifungo vya shati viling'aa katikati ya samaki. Soko la Ifakara lilikuwa limefurika, matope kila mahali, na kijana mrefu wa koti jeupe alikuwa ameteleza, trei yake ikamwagika.

"Samaki wangu wakiiva humu, wewe ndiye utakayewala," Yosefina alisema.

Wateja walicheka. Yosefina mwenyewe alishangaa. Tangu alipoacha shule darasa la tano, alizoea kunyamaza mbele ya watu wanaojua kusema.

"Nitawala wote. Naitwa Mabula, wa Mchombe."

"Msukuma mwenye koti jeupe! Fimbo ya kuchungia ng'ombe umeiacha wapi?"

Kesho yake Mabula alirudi kununua samaki. Siku ya tatu akaomba namba ya simu.

"Umeshindaje, Yose wangu?" aliuliza simuni jioni.

"Nanuka samaki."

"Basi simu yangu yote inanukia."

Alimweleza kazi yake. Katika chumba nyuma ya soko, yeye na wenzake walipima grafaiti, madini ya Mahenge, unga mweusi kama masizi ya chungu, waliyoipaka ndani ya vibetri vile.

"Ukiichaji betri mara ya kwanza, sehemu ya chaji hairudi."

"Imeibwa?"

"Imegeuka utando juu ya grafaiti. Mara ya pili inarudi karibu yote. Utando ule ndio unaoilinda. Bila hasara ile, betri haidumu."

"Kazi yenu ya ajabu, mpenzi. Mnaanza kwa hasara!"

Mabula alipotaka kuja kujitambulisha, Yosefina alimwambia tu kwamba baba yake ni mkulima. Hakumwambia kwamba ng'ombe wa wafugaji wa Kisukuma walimaliza mpunga wao shambani Idete. Aliona haya, akaogopa asije akamuumiza. Na Mabula, kwa malezi yake, hakuweza kwenda ukweni mikono mitupu. Akaja na ng'ombe, mtamba mwekundu, amemwogesha mpaka anameremeta.

Uani mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye turubai. Mtamba alikata kamba, akaufakamia.

"Mpaka nyumbani mmenifuata!" Mzee Silvano, baba yake Yosefina, alipiga kelele akiokota mpini wa jembe. "Mlikula shamba, sasa mnataka na binti?"

Mabula aliondoka akimburuta mnyama wake. Tangu siku ile simu yake haikupatikana.

"Kakuacha," shangazi yake Marsiana alisema. "Shukuru Mungu."

Yosefina hakushukuru. Alivaa gauni lake la kitenge cha njano, akafunga kilemba, akaenda mpaka kile chumba nyuma ya soko. Wenzake Mabula waliinua vichwa. Akaingia moja kwa moja mpaka kwa Mabula.

"Mbona umezima simu?"

"Nimemwaibisha mzee wako, Yose. Ningesema nini?"

"Betri ikipoteza chaji mara ya kwanza, unaitupa?"

"Hapana."

"Mimi umenitupa kwa nini? Kosa la ng'ombe ni langu, sikukwambia. Lakini la kukimbia ni lako."

Mtu mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mabula alivua koti, akalitundika.

"Nisamehe. Unataka nifanye nini?"

"Twende. Sasa hivi, mchana, watu watuone."

Walipita sokoni wameshikana mikono. Wengine waliguna, mmoja akapiga mluzi. Yosefina hakuinamisha macho.

Mzee Silvano alikuwa barazani akinoa panga.

"Shikamoo, baba."

"Shikamoo, mzee," Mabula naye akasema.

Mzee aliendelea kunoa.

"Baba, huyu hakula mpunga wako. Ndiye nimemchagua."

"Na nikisema hapana?"

"Nitarudi kesho kukuuliza. Na keshokutwa."

"Wewe? Wewe usiyejua hata kuomba chumvi kwa jirani?"

"Mimi huyo huyo, baba."

Panga liliacha kulia juu ya jiwe. Mzee alimtazama binti yake kama mgeni aliyeingia na sura ya mtu anayemjua. Kisha akasogea kwenye benchi kuwapisha.

"Marahaba," alisema. "Kaeni kivulini. Jua hili halina shemeji."