Gauni Lililoficha Mgongo wa Najma

Ndugu zangu wa Temeke, nisikilizeni kidogo. Nimechoka kupeana pole kwa mambo yanayozuilika.

Nyumba ya Badru na mkewe Chausiku, fundi cherehani, ilikuwa na raha yake. Asubuhi redio inaimba kaswida, binti yao Najma anafagia uwanja huku akimtania baba yake.

Najma akiwa darasa la tatu, mama yake alimjaribisha gauni la Idi, akaona pindo limening'inia upande. Akalipima upya; gauni halikuwa na kosa. Bega la mtoto ndilo lililopanda.

"Simama wima, Najma!"

"Mama, mbona mie nimesimama wima?"

Shuleni, Mwalimu Kokuberwa naye aliona, akawaita wazazi. "Mpelekeni hospitali. Mgongo unapinda."

Badru akakataa. "Watu wakijua binti yangu ana kibiongo, nani atamposa? Mke wangu, si wewe fundi? Shona."

Chausiku akashona. Bega moja akalijazia sponji, pindo akalikata mshazari. Kila sikukuu nguo zilisifiwa, na chini ya nguo mgongo ukaendelea kupinda.

Alipofika darasa la saba, Najma alihema hata akivaa viatu. Siku moja akaanguka shuleni. Mwalimu Kokuberwa akamkimbiza hospitali, wazazi wakafuata.

Daktari aliwaonyesha picha: uti wa mgongo umejikunja, mbavu zimebana pafu.

"Angekuja mapema, mkanda maalumu ungeweza kuushikilia mgongo wakati anakua," alisema. "Sasa ni upasuaji mkubwa. Na pafu hili huenda lisirudi lilivyokuwa."

"Tulimwambia akae wima, daktari," Badru akasema.

"Hakupinda kwa kukaa vibaya, mzee. Ni ugonjwa."

Chausiku akamshika mwanawe mkono. "Kwa nini hukuniambia unaumia?"

"Mlikuwa mnaona, mama. Nikadhani kama mnaona na hamsemi, basi hakuna dawa."

Badru akatoka nje, akajiegemeza ukutani.

Upasuaji ulifanyika. Najma yu hai, mgongo umenyooka kiasi. Lakini hawezi kupanda ngazi bila kupumzika, na alikuwa mtoto wa kukimbia.

FUNZO

Mwambie mtoto ainame mbele, umtazame mgongo. Ukiona bega limepanda au ubavu mmoja umetuna, mpeleke hospitali upesi. Mgongo ukipinda sana hudhuru mapafu, hata moyo. Kumficha si kumlinda. Na sie majirani tukiona, tukawaambie wazazi wake, tuache kunong'onezana mlangoni kwao.