Kijimlango cha Nyuma

Nyumba mpya ya Honoré ilianza kunuka moshi wiki moja baada ya kutandikwa karo, vile vigae vya sakafuni, na hakuna mtu aliyekuwa amewasha moto ndani. Jiko lilikuwa nje, upande wa migomba. Mkewe, Constance, alipiga deki mara mbili, akafungua madirisha yenye vyuma, akanusa tena. Ulikuwa moshi wa kuni, pamoja na maharage yanayokaribia kuungua.

Kule Kibabi wengi hawabomoi nyumba kabla ya kujenga nyingine, maana mvua haimngoji fundi. Wanainua matofali kuizunguka ile ya mbao, familia ikiendelea kupika na kulala ndani, na mabati mapya yakishakaa juu ndipo mbao kuukuu zinang'olewa na kupitishwa mlangoni kipande kwa kipande. Honoré alifanya hivyo hivyo. Tangu ujana aliapa kwamba mama yake, Mama Vestine, hatazeekea kwenye masizi. Alimpenda mama yake kweli, tusimsingizie. Ila kumsikiliza ndiko kulikomshinda.

Nyumba ya mbao ilikuwa na kijimlango nyuma, cha kupita kwa kuinama. Baba yake Honoré, mzee Théophile, alipofariki, mwili wake ulitolewa hapo, kama wa babu kabla yake. Tangu siku hiyo hakikufungwa tena. Mama Vestine, ambaye kila Jumapili alikuwa akikaa benchi la mbele kanisani, alikiacha wazi ili mzee aingie kuota moto na kutoka apendapo.

Wakati wa ujenzi, asubuhi fundi alipofikisha matofali hapo, mama alitoka na mwiko mkononi.

"Honoré, usifunge kwanza. Moto iko inawaka, na babako iko ndani anaota. Tuzime moto, tutoshe majivu kwa ule mulango, njo pale naye atatoka."

"Mama, nyumba ya kisasa haina tundu nyuma. Mwizi atapita pale. Na batu batanicheka."

"Basi utamufungia babako."

Fundi alisimama akingoja neno la mwenye nyumba. Honoré aliashiria kwa kidevu, na kufikia saa sita tundu lilikuwa ukuta.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Baada ya moshi zikaja hatua. Kila siku saa kumi alasiri zilianza katikati ya sebule, pale mafiga ya nyumba ya mbao yalipokuwa, nzito, zikaenda mpaka ukuta wa nyuma, zikasimama, zikarudi. Karo za pale katikati zikawa za moto hadi Constance akaungua unyayo. Mtu wa sala aliitwa, akanyunyiza maji, na maji yakakauka kabla hajasema amina. Aliondoka bila kunywa chai.

Kisha vyumba vikaanza kupungua. Kitanda cha mama, kilichokuwa na nafasi ya kupita pande zote, siku moja kilikutwa kimegusa kuta mbili.

"Ile nyumba yetu inarudi," mama alinong'ona. "Inatufinya sababu naye amefinywa. Toboa, mutoto wangu."

"Nitatoboa, Mama. Acha kwanza nipake rangi."

Aliogopa, lakini aliwaogopa majirani zaidi.

Jumamosi Constance alikwenda sokoni. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu mchana, na Honoré na mama yake walikuwa sebuleni wakati hatua zilipoanza, mapema kuliko kawaida, zikienda na kurudi, zikienda na kurudi. Honoré alikimbilia mlango, ufunguo ukazunguka, mlango ukafunguka, na nyuma yake palikuwa na mbao, zile zile alizozing'oa kwa mikono yake, nyeusi kwa masizi, na dirishani mbao, na kutoka plafoni nyeupe ya darini moshi ukishuka, na kuta zikisogea kimya kimya mpaka meza ikaanza kulia miguu yake ilipokuwa ikisukumwa juu ya karo.

"Toboa!" mama alisema.

Alichukua nyundo akaupiga ukuta wake wa heshima, akapiga huku akilia, akikohoa, matofali yakianguka juu ya vidole vyake, hadi mwanga wa kijivu ukaingia na tundu likatosha mtu.

"Pita, Mama!"

"Tangulia, univute kwa mikono. Miye sina nguvu."

Alitambaa akatoka, akageuka, akaingiza mikono. Akaishika ya mama yake. Ilikuwa imepata joto, mikono ambayo tangu karo ziwekwe ilikuwa baridi kila siku. Akavuta. Ndani kulikuwa na mtu mwingine aliyevuta pia, bila haraka, na mkono wa tatu, mkavu, wenye ngozi ngumu ya mshika jembe, ukamshika kifundo cha mkono.

"Mwachie," alisikia mama yake akisema kwa upole, na hakuwa akisema naye. "Iko mutoto wetu."

Mkono ule ukamwachia. Na mama akamwachia.

Constance aliporudi, ufunguo wake ulifungua mlango bila tabu. Sebule ilikuwa pana, karo zake zikiwa zimejaa matofali yaliyovunjika. Mama Vestine hakuwemo.

Siku hizi Honoré na mkewe wanalala katika jiko la nje. Kwenye lile tundu alitia mlango mdogo wa mbao, asioufunga hata mvua inyeshe, na kila alasiri anapiga magoti mbele yake, mikono imeingia ndani.

Saa kumi hatua zinakuja, nzito, na kando yake nyingine nyepesi, zenye kuburuta mguu wa kushoto kama Mama Vestine alivyokuwa akiuburuta. Zinasimama karibu naye kabisa.

"Mama, kuya. Mulango iko wazi. Nimeacha wazi, unaona?"

Anasikia mama yake akicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshiba. Kisha kijimlango kinaanza kujirudisha, taratibu, mpaka Honoré anaitoa mikono yake, na komeo linaingia mahali pake kutoka ndani.

Komeo hilo hakulitia yeye.