Mapigo Aliyoyafuta Bogi

Kila likizo ya vuli, Bogi alimfuata mama yake kazini, kwenye maabara ya leza nje kidogo ya mji wa Szeged. Siku hiyo hakukaa akatulia. Mara asimame, mara aketi, mara ale mikate midogo ya jibini ya watu wengine.

"We mtoto, mbona kama kuku anayetaka kutaga?" Mjomba Tivadar, fundi wa leza, alimtania.

"Jioni tunawaachia wenzetu wa kundi jingine mtambo, na mama hajapata kitu!" Bogi alijibu.

Ilikuwa kweli. Mama Ildikó alikuwa akipiga gesi kwa mwanga wa leza ili elektroni zichomoke kwa kasi, zikiwa mstari mmoja mwembamba. Kompyuta inayojifunza ndiyo iliyochagua vipimo: inajaribu, inaangalia matokeo kwenye picha za kamera, inajaribu tena. Wakishindwa, wangengoja zamu yao mwaka mzima.

Kila pigo la leza lilitoa picha moja. Bogi alipewa kazi moja tu, kufuta picha nyeusi tii, zile ambazo kamera haikunasa kitu. Lakini mkuu wa maabara alikuwa anakuja kutazama, na picha za elektroni zilizotawanyika ovyo zilimtia Bogi aibu. Akazifuta nazo. Alizoea kuficha aibu: hata alama yake mbovu ya hesabu shuleni alikuwa hajaitaja nyumbani. Mkuu alipoona mchoro wa matokeo kwenye skrini, ukiwa safi, akaridhika, na Bogi akavimba kichwa.

Basi mambo yakaenda mrama. Kompyuta ikawa inarudi palepale kwenye kipimo cha gesi nzito, elektroni zinatawanyika, Bogi anafuta, nayo inarudi tena.

"Hii imelogwa au?" Mama alifoka. "Si imefeli hapo tangu asubuhi?"

Kidole cha Bogi kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Akakiondoa. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho.

"Mama, ni mimi. Nimezifuta zile mbaya. Sikutaka uaibike."

Mama alimtazama, uso umemshuka. "Zote?"

"Zote. Ila zimo kwenye pipa la taka la kompyuta."

"Zirudishe! Upesi!"

Akazirudisha zote. Mchoro ukajaa uchafu. Kompyuta ikaiacha gesi nzito, ikapapasa kwingine, na wenzao wakiwa tayari wamesimama mlangoni, doa dogo jeupe likang'aa katikati ya skrini: elektroni zimekaa mstari mmoja. Mjomba Tivadar akapiga ukelele. Mama akalia kwa furaha.

Walipokuwa wakivaa makoti, Mama alisema, "Kesho utamwambia mkuu kwamba mchoro aliouona haukuwa wa kweli. Sikia, mwanangu. Kompyuta ile hujifunza kwa kuona ilipokosea. Ukiifichia makosa yake, itayarudia mpaka kuche. Na sisi watu tuko hivyohivyo."

Bogi alifunga kifungo, akakifungua, akakifunga tena.

"Mama, hesabu nilipata moja."

Shuleni kwao, moja ndiyo alama ya chini kabisa. Mama alishusha pumzi, akamshika mkono.

"Haya. Tukifika nyumbani, tunaanzia pale ulipokosea."