Jina Lililokwama

Mwaka jana, jua likizama, nilipita ofisini kwetu kiwandani, Thika, kuona kama kompyuta imemaliza kazi. Nilipanga niizime, nimchukue mke wangu Akello kwenye mashine za nyuzi, tuende zetu nyumbani Ngoingwa.

Haikuwa imemaliza.

Tangu asubuhi ilikuwa inakarabati jedwali la wafanyakazi, lililoharibika stima ilipopotea. Inapitia jina moja moja. Jina zima linabaki, bovu linafutwa. Ukiikatiza katikati, majina yote yanapotea.

Juu ya skrini niliona: NDAMBUKI. LIMEFUTWA.

Nikashtuka. Ndambuki wa boila tulikuwa tumempeleka mochari mchana huo huo. Nani aliiambia kompyuta?

Chini yake pakatokea: KALELI. LIMEFUTWA.

Huko nje kitu kikaanguka... puu. Kisha harufu ya udongo mbichi ikaingia, na mvua haikuwa imenyesha.

Gichuru, askari wa geti, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kaleli ameanguka hapo kwa lori," alinong'ona. "Hapumui."

Nikamwonyesha skrini. Hakushangaa. Tulipokuwa tunajaza jedwali lile, wakubwa waliamuru watu wapange foleni wahesabiwe kwa kidole. Gichuru alijifungia chooni mpaka tukamaliza. Tulimcheka sana, mzee mzima.

"Si nilikuambia, Dismas? Watu hawahesabiwi. Ukiwahesabu, kuna kitu kinasikia."

Skrini ikasonga.

AKELLO.

Nikashika waya wa stima.

"Ukichomoa?" Gichuru aliuliza.

"Wote wanaenda."

Nikauachia. Niliogopa, sioni haya kusema. Nikangoja lile neno la pili...

Halikuja. Jina likawa linawaka na kuzima, linawaka na kuzima.

"Baba Perez, kwani tunalala hapa?"

Alikuwa Akello, pamba kwenye nywele, mkoba begani. Nilimshika mkono hadi akalalamika namuumiza.

Mpaka leo jina liko pale pale. Wakubwa walinunua kompyuta nyingine, hii nikaomba niachiwe ikiwa inawaka. Akello hunitania kwamba nimeoa mashine. Sijamwambia. Ningeanzia wapi?

Asubuhi hii redio imetangaza mgao wa umeme, mabwawa yamekauka. Zamu yetu ni kesho, kutwa nzima. Betri niliyoifungia kompyuta baada ya siku ile haimalizi hata nusu saa.

Akello ameshanunua mishumaa.